Siku Mnyama wa Sista Aliposema Hapana

Daftari hili nalificha ndani ya foronya, kwa hiyo humu naweza kusema bila kuangalia pembeni: mimi Kiingereza sikijui. Muhula uliopita nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na mmoja wa wale wawili waliokuwa chini yangu alikuwa ameugua malaria wiki nzima ya mtihani. Nyumbani hakuna aliyejua. Nyumbani mimi ni msichana wa kwanza wa kitongoji chetu kwenda sekondari Shinyanga, na Baba huwaambia watu kwenye mizani ya pamba kwamba mwanawe akiongea na Mzungu, Mzungu ndiye anayetafuta maneno.

Mzungu mwenyewe sijawahi kuongea naye. Nikikutana na Padre njiani nashuka kwenye baiskeli, nachuchumaa kidogo, nasema shikamoo, halafu naangalia tairi mpaka apite.

Likizo ya Desemba nilipofika nyumbani nilikuta mambo mawili mapya. La kwanza, Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutoka machimboni Geita na mtoto mchanga mgongoni. La pili, misheni ilikuwa na televisheni. Siku hizo sikujua kwamba mambo hayo mawili yangekutana, tena yakutane mdomoni mwangu.

Naanza na Shangazi. Kule machimboni anapika ugali na maharage kwa wachimbaji, na hana wa kumwachia mtoto anapokuwa jikoni. Wanaume wanashuka kwenye duara, lile shimo lao refu, wanatoka na njaa, na yeye anasonga ugali huku mtoto analia karibu na moto. Alikuja kumchukua mdogo wangu akamlelee. "Mwaka mmoja tu," alisema. Kuna binti wa jirani yetu aliondoka hivyo hivyo kwa mwaka mmoja tu, na mwaka wake haujaisha hadi leo.

Mama hakutaka. Lakini kwetu dada wa baba hakataliwi kwa maneno makavu, lazima uwe na sababu ya kuonyesha. Sababu pekee ya Mama ilikuwa darasa la kwanza. Mdogo wangu akiandikishwa shule, anabaki. Asipoandikishwa, anaondoka na Shangazi. Baba alikubali, Shangazi akakubali, wakanywa uji.

Shida ni kwamba mdogo wangu ana miaka saba, au sita. Mama anahesabu kwa mvua, na kuna mvua moja haikunyesha. Karatasi ya kuzaliwa hana, kama sisi wote. Kwa watoto wa namna hiyo mwalimu mkuu ana kipimo kimoja: unapitisha mkono juu ya kichwa, unagusa sikio la upande wa pili. Ukiligusa, umeiva, unaandikwa. Usipoligusa anakwambia maneno yale yale kila mwaka, "Rudi nyumbani ukue." Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo mara moja. Nilikua mwaka mzima kwa hasira.

Kila jioni Mama alimpaka samli kwapani, akamvuta mkono.

"Mama, unaniumiza!"

"Vumilia. Mkono ni kama kamba, ukivutwa unarefuka."

Vidole vyake viliishia kwenye nywele, juu kidogo ya sikio. Nilipima kwa rula ya mkebe wangu: sentimita moja na nusu. Kesho yake sentimita moja. Keshokutwa sentimita mbili. Sikuelewa mkono unawezaje kurudi nyuma, nikahisi labda ni rula, au ni mimi ninavyoishika. Niliandika namba zote humu daftarini na hazina maana yoyote.

Sasa televisheni. Padre alikuwa amerudi kutoka likizo kwao akiwa nayo, pamoja na deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, na kaseti za kipindi cha watoto wadogo. Huku bara kituo cha televisheni hatuna, kwa hiyo kinachoonekana ni kile tu kilichomo ndani ya kaseti. Aliwapa watoto wa chekechea, na chekechea ni ya Sista. Sista ni mtu wa Bukoba, anaongea haraka kama anachelewa basi, na Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu. Alikuja nyumbani jioni moja, Baba akiwepo.

"Wewe si uko sekondari?" aliniambia. "Utasimama pembeni ya televisheni. Mnyama akisema neno, wewe unawaambia watoto kwa Kisukuma. Mimi lazima nikae nje na jenereta, isipoangaliwa inazima."

"Sista, mimi..."

"Ni Kiingereza cha watoto wadogo. Hakina shida."

"Hakina shida, Sista," Baba alidakia. "Kwa huyu hiyo ni kama kunywa maji."

Nilitazama miguu yangu. Hiyo ilikuwa nafasi ya kusema, na niliiona ikipita kama lori la mizigo, na sikunyoosha mkono.

Jumamosi ya kwanza watoto walikaa kwenye mikeka katika ukumbi wa misheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, akina mama wamesimama nyuma. Shangazi alikuja, Mama alikuja. Mdogo wangu si wa chekechea, lakini nilimweka mbele kabisa, katikati, ili niwe na mtu mmoja ninayemjua wa kumtazama. Jenereta ikaanza kunguruma nje. Kioo kikawa cheupe, halafu akatokea.

Sijui nimweleze vipi. Alikuwa wa kitambaa, rangi ya udongo, masikio marefu yanayoning'inia, kofia ndogo, na mdomo uliofunguka wote kama mfuko. Tulimwona kuanzia kiunoni tu.

"Ni punda," alisema mtoto mmoja.

"Punda gani anavaa kofia? Sungura huyo."

"Ni mbwa wa Padre," alisema bibi mmoja kwa uhakika, na mjadala ukaisha.

Mnyama akapunga mkono, akasema salamu, akanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililonichanganya. Hakunyamaza kama mtu aliyemaliza kusema. Alinyamaza kama mtu anayesubiri. Alitutazama, akapeleka kichwa kulia, akapeleka kushoto, akaweka mkono nyuma ya sikio. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

"Anasalimu," niliwaambia watoto kwa sauti ambayo nadhani ilifika mkeka wa kwanza tu.

Hakuna aliyejibu. Mnyama akatikisa kichwa, akasema kitu kwa huzuni. Maneno hayo nilikuwa nayajua: hasikii.

"Anasema hasikii! Mjibuni!"

"Mwadila!" watoto wakaitikia salamu kwa Kisukuma, kwa kelele. Na mnyama, jamani, akaruka kwa furaha, akasema "Veri gudi!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nimesoma fizikia kidato cha kwanza na cha pili. Najua picha ni picha. Lakini tulikaa kimya akasema hasikii, tukajibu akafurahi. Sasa?

Sista alipoingia kubadilisha kaseti, watoto walimsihi arudishe mwanzo, akarudisha. Safari hii watoto walikuwa tayari. Mnyama alipopunga mkono tu walimwitikia mpaka blanketi moja likadondoka dirishani. Mnyama akaweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa, akasema hasikii.

"Lakini tumepiga kelele!" alilalamika mdogo wangu.

"Labda ana masikio mabovu," alisema yule bibi. "Makubwa namna ile, hayakosi kuoza."

Baadaye nilimfuata Sista kwenye jenereta. 

"Sista, yule anatuona?"

"Nani?"

"Yule mnyama."

Alicheka. "Ni kikaragosi, mwanangu. Ndani yake kuna mkono wa mtu."

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Huko Ulaya."

"Kwa hiyo anatuona kutoka Ulaya?"

Ila alikuwa ameshaitwa zahanati. Siku hiyo niliandika hapa daftarini: Je, anaona? Halafu nikaacha mistari miwili kwa ajili ya jibu, na hadi sasa mistari ile iko wazi.

Wiki hiyo nilipata sifa ambazo sijawahi kupata. Nikienda kisimani akina mama walinipisha. "Mtafsiri, chota wewe kwanza." Kusema kweli nusu ya niliyowaambia watoto niliyatunga. Mnyama aliongea muda mrefu kuhusu kitu cha mviringo, mimi nikasema anapenda viazi. Watoto wakakubali kwamba anapenda viazi. Hakuna aliyeumia. Nilifikiri kutafsiri ni hivyo: ukitulia na kuonekana unajua, basi unajua.

Jumamosi ya pili ilikuwa siku mbili kabla ya Jumatatu ya kuandikisha. Ukumbi ulijaa zaidi, hata watu wa ng'ambo ya mto walikuja. Mdogo wangu alikaa pale pale mbele. Mama alikuwa amempaka samli asubuhi pia, na mkono wake wote uling'aa hadi kiwikoni.

Mnyama siku hiyo alifundisha mwili. Aligusa pua, akasema neno lake, akasubiri. Pua nilikuwa naijua. Tumbo nilikuwa nalijua. Watoto waligusa pua, waligusa tumbo, mnyama akasema "Veri gudi", mambo yakaenda vizuri kuliko wiki ile. Nilianza hata kusimama wima.

Kisha akasema sikio.

"Gusa sikio!" nikawaambia.

Sikufikiri. Nani angefikiri? Mikono yote ya ukumbi ikapanda juu ya vichwa. Kwetu mtoto mdogo akiambiwa gusa sikio hakuna njia nyingine, mkono unazunguka juu, na watoto wa ukumbi mzima walikuwa wamekaa hivyo, vichwa vimelala upande, vidole vinatafuta. Nyuma akina mama wakasogea kutazama. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe na misheni wanaandikisha?" Mwingine akasema, "Nyamaza, anawaangalia."

Na kweli alikuwa anawaangalia. Alipeleka kichwa kulia. Alipeleka kushoto. Akarudi katikati, na katikati alikuwepo mdogo wangu, mkono juu ya kichwa, kidole kwenye nywele, anakivuta, anakivuta. Mnyama akamnyooshea mkono. Akatikisa kichwa masikio yakapigana. Akasema, "No, no, no!" halafu akaongeza maneno mengine ya haraka ambayo sikushika hata moja.

Ukumbi wote ukanigeukia.

Naandika kama ilivyokuwa. Nilijua "no" ni hapana. Yaliyofuata sikuyajua. Lakini watu walikuwa wananisubiri kama mnyama anavyotusubiri, na mbele yangu kulikuwa na watoto wamepitisha mikono juu ya vichwa, na mtu anatikisa kichwa, na kwa picha hiyo mimi nimesikia maneno ya aina moja tu maishani mwangu. Yakatoka yenyewe.

"Hapana," nilisema kwa Kisukuma. "Wewe hapana. Rudi nyumbani ukue."

Kabla sijafunga mdomo, jenereta ikakohoa ikazima. Mnyama akanywea kwenye kioo, akawa kidoa cheupe, kisha akawa hayupo.

"Amemkataa nani?"

"Yule pale mbele. Mdogo wake mtafsiri."

"Hee! Hata dada mtu amemwambia!"

Shangazi, mtoto mgongoni, alifyonya. "Basi. Nilisema mimi. Hata mashine ya misheni imeona kwamba huyu bado."

Mdogo wangu hakulia. Aliteremsha mkono polepole, akanusa vidole vyake vyenye samli, akavifuta kwenye mkeka. Nilimtazama Mama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya khanga, na najua Mama anafanya hivyo akiwa ameshaamini jambo.

Sista aliingia mikono imechafuka. "Petroli imeisha, jamani! Mpaka Jumamosi ijayo." Nikataka kumwambia, Sista, njoo, nieleze alisema nini. Lakini alikuwa anakimbilia gari, yeye na Padre walikuwa wanaenda Shinyanga kutafuta petroli na dawa, na wasingerudi kabla ya katikati ya wiki. Nilisimama karibu na televisheni iliyozima. Nilijiona kwenye kioo, mdogo, mweusi, nimefungua mdomo.

Jumapili Shangazi alifunga mzigo. Gauni la mdogo wangu, lile la pili, aliliweka kwenye beseni lake juu ya masufuria. Mama hakuvuta mkono wa mtu jioni ya Jumamosi, na kopo la samli alilirudisha juu ya dari. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo limekwisha, na lilikwisha kwa sababu yangu. Au kwa sababu ya mnyama? Nilizunguka nalo kanisani ibada nzima, aliyoongoza katekista kwa kuwa Padre hakuwepo. Kama mnyama anaona, basi alimwona mdogo wangu na alimkataa kweli, na mimi nilipatia bila kujua. Kama haoni, basi ni mimi niliyemkataa. Sikujua niombe lipi liwe kweli.

Baba hula peke yake, uani, na mimi humpelekea maji ya kunawa. Jioni hiyo nilipiga magoti na birika. Alinyoosha mikono.

"Baba."

"Mm."

"Yule mnyama hakusema arudi nyumbani akue."

"Alisema nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliyetafsiri?"

"Nilisikia hapana. Yale mengine niliyatoa kichwani."

Maji yalimwagika yakapitiliza beseni, maana nilikuwa nimesahau kuinua birika. Baba hakutoa mikono.

"Na Jumamosi ile ya kwanza?"

"Nusu."

"Nusu ulielewa?"

"Nusu nilitunga. Hakusema anapenda viazi, Baba. Mimi Kiingereza sikijui. Darasani niko wa tatu kutoka mwisho."

Alifikiri. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayegusa kidonda, "Na ile karatasi ya dawa ya pamba uliyonisomea?"

"Ile ilikuwa na picha."

"Aa." Alipumua. "Afadhali."

Nilingoja anipige, au acheke, au amwite Mama nimweleze naye. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema mbele ya wote, Shangazi na Mama, hata kisimani. Badala yake Baba alijikung'uta maji mikononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi libaki hapa hapa, kwenye beseni hili."

Akamwita Mama. "Kesho mtoto aende akaandikishwe."

"Lakini mashine imesema..."

"Mashine haiandikishi. Anayeandikisha ni mwalimu mkuu, na baba yake ni mimi."

Shangazi alitoka jikoni. "Kaka, unanizungusha. Lori la Geita linapita kesho."

"Nenda nao na mzigo wako. Akikataliwa, ondokeni huko huko."

Hadi leo sijui kama Baba alifanya vile kwa ajili ya mdogo wangu au kwa ajili ya jina lake kwenye mizani ya pamba. Nilimpa ukweli ili autoe nje, naye akaukunja akauweka mfukoni. Lakini mtoto alikwenda kuandikishwa. Kwa hiyo alikosea au hakukosea? Niliuliza daftari, na daftari ni kama mnyama tu, linasubiri.

Jumatatu tulikwenda wanne, na wa tano mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu mbele ya ofisi ya shule. Mwalimu mkuu alikaa mezani barazani, na mwalimu mwingine pembeni yake akishika kalamu na daftari kubwa la majina. Shangazi alisimama karibu na beseni lake kama mtu anayengoja basi. Mama alikuwa anasogeza midomo, nadhani anasali.

Zamu ikafika.

"Gusa sikio," alisema mwalimu mkuu bila kuinua macho.

Mdogo wangu akagusa sikio. Pap! Mkono wa kulia, sikio la kulia, kama mtu anayefukuza nzi.

Foleni ikacheka. Mama akafumba macho.

"Siyo hivyo," alisema mwalimu mkuu. "Pitisha juu ya kichwa."

"Yule aligusa hivi."

"Yule nani?"

"Mnyama wa Sista. Alisema gusa sikio, akagusa hivi. Sisi ndio tulizunguka."

Nilihisi masikio yangu mwenyewe yanawaka. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye kile kioo. Nilimtazama mnyama muda wote, na sikuona aliligusaje.

Mwalimu mkuu, ambaye akisikia Kisukuma shuleni huchukua fimbo, aliendelea naye kwa Kisukuma. "Na baada ya hapo alikwambiaje?"

"Alisema nirudi nyumbani nikue."

"Sasa mbona umekuja?"

"Nilirudi. Nimekua siku mbili."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akacheka mpaka ikabidi aifute. Yule mwenye kalamu naye akacheka. "Mkono mfupi, mdomo mrefu," alisema mwalimu mkuu. "Mwandike huyu kabla hajatuandika sisi."

Hakumpima tena. Aliyefuata alikuwa mtoto mpole wa ng'ambo ya mto. Alipitisha mkono vizuri kama alivyofundishwa, akapungukiwa upana wa ukucha, akaambiwa rudi nyumbani ukue. Aliondoka ameshikwa mkono na bibi yake. Nilifurahi na nikaona aibu kwa wakati mmoja, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Shangazi alifungua mzigo pale pale, akatoa gauni, akampa Mama. "Haya. Mmenishinda."

Nilimbebea beseni hadi barabara ya Tinde. Lori lilipoonekana kwa mbali na vumbi lake, alimzungusha mtoto kutoka mgongoni akamweka kifuani. Mtoto alinitazama kwa makini sana, mate yanamtoka.

"Wewe mjuzi wa Kizungu," Shangazi alisema, na hakuwa ananidhihaki, "Jumamosi ukimwona yule mnyama wako, niulizie. Huyu nimwachie nani?"

Nilisema, "Ndiyo, Shangazi." Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Jumamosi ya tatu petroli ilikuwepo. Nilitaka kusingizia homa, lakini Baba alipita mlangoni, akakohoa, nikavaa viatu. Sista alikuwa ameacha kaseti pale pale ilipokatikia, kwa hiyo kioo kilipowaka mnyama alitokea akiwa ameshanyoosha mkono, anatikisa kichwa. "No, no, no!" Akina mama nyuma wakaguna.

Halafu picha ikasogea pembeni. Kulikuwa na mwingine! Kikaragosi mdogo, wa kijani, wa kipuuzi, ambaye siku ile hatukumwona kwa sababu jenereta haikumsubiri. Alikuwa ameambiwa aguse sikio, naye ameshika pua. Mnyama alikuwa anamkataza yeye. Kijani akashika tumbo, no, no, no, akashika kofia ya mwenzake. Watoto walicheka hadi wakalaliana. Hawakuhitaji kutafsiriwa, na mimi sikutafsiri.

Mdogo wangu alicheka pamoja nao. Kisha akaacha. Niliona anaacha. Alitazama kioo, akatazama mahali alipokuwa amekaa juma lililopita, ambapo ni pale pale alipokaa, akageuka kwangu.

"Dada. Kumbe hakuwa ananiambia mimi."

"Hapana."

"Alikuwa anamwambia yule."

"Ndiyo."

"Sasa mbona wewe ulisema ni mimi?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza kwa nini bata hawapandi juu ya mti. Nyuma yake Mama alikuwa ameshika khanga, anasikiliza. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshalisema mara moja, nimepiga magoti, na halikuniua. Nikafungua mdomo.

Kwenye kioo mnyama alikuwa ameuliza jambo lake jingine. Aliweka mkono nyuma ya sikio akatusubiri. Akapeleka kichwa kulia, akapeleka kushoto. Mdogo wangu alinisubiri. Mama alinisubiri. Niliwatazama, nikatazama tena miguu yangu.

"Veri gudi!" alisema mnyama, akaruka kwa furaha.